Halmashauri inataka kutupa hela ya matunzo ya mama tuajiri mtu wenyewe. Nikubali?

binti_wa_bi_mkubwa

Wakuu, habarini za jioni. Naomba wenye uzoefu wa huku England wanisaidie kabla ya Alhamisi, maana ndiyo siku ofisa ustawi wa jamii anapiga simu kutaka jibu.

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Akili yake timamu kabisa, anakumbuka deni la mtu wa mwaka 1988, ila maneno yanatoka kwa taabu, na Kiingereza chake ni salamu na asante tu. Naishi naye nyumba moja. Nafanya kazi maabara, natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Aliporudi kutoka hospitali, halmashauri ilimfanyia tathmini ikamkadiria saa 14 kwa wiki: kila siku muda wa saa moja na nusu asubuhi wa kuoga, kuvaa na kunywa chai, na wa nusu saa jioni. Wakatuletea kampuni ya watunzaji, na hapo ndipo penye kisa. Kwa miezi minane wamepita watu wengi mlangoni, nimeacha kuhesabu nilipofika 23. "Asubuhi" kwao ni saa yoyote. Kuna siku mtu alifika saa tano na dakika kumi, mama yuko kitandani na gauni limelowa tangu alfajiri. Mara mbili waliletwa wanaume. Mama akajifunika shuka gubigubi, akagoma. Yule kijana wa mara ya pili wala simlaumu sana, mama mwenyewe kaniambia alisimama mlangoni, akachezea simu, akaandika kwenye daftari, akaondoka. Niliporudi nikasoma: ameoga, amekula, ana furaha. Nikaenda bafuni. Taulo kavu. Sabuni kavu, imepasuka katikati.

Nimelalamika mpaka ofisa akanifungulia njia hii nyingine, malipo ya moja kwa moja. Halmashauri inatoa pesa yenyewe, inaingia kwenye akaunti ya peke yake, sisi tunatafuta mtu wetu. Wamesema watahesabu £16.50 kwa saa, na ndani ya hiyo mama achangie £38 kwa wiki kutoka kwenye pensheni na posho zake, kama anavyochangia sasa.

Mtu ninaye. Binti wa mama mdogo, anakaa mtaa wa pili, dakika nane kwa miguu. Anabeba boksi ghalani usiku na mwili umeshakataa. Mama alimlea miaka mitatu kule Tanga, na mpaka leo kwake ni "mama mkubwa" kwa maana zote. Jumapili moja nilimwangalia anavyomvisha. Kanga ya chini anaipitisha nyuma mama akiwa bado amekaa, halafu anamwachia mama mwenyewe ashike pindo kwa mkono wa kushoto, yeye anakaza upande wa pili. Kwa hiyo ukiuliza kanga kafunga nani, ni mama. Wale wa kampuni wanamvalisha gauni la kubandika kwa nyuma kama la wodini.

Sasa, je, mimi mwenyewe naweza kulipwa kidogo, maana jioni nyingi nafanya mimi? Huyu ndugu anaruhusiwa? Na mtego uko wapi? Sijawahi kuona serikali inakupa hela ikakuachia hivihivi.

Mzito wa Nakuru

Madam, kaa mbali na hiyo kitu. Auntie yangu alipewa hiyo pesa na kanjo ya hapa, akaajiri mama mmoja wa kanisani. Akamlipa mkononi kila Ijumaa, bila karatasi. Mwaka ukaisha, kanjo wakaitisha rekodi. Hana risiti, hana slipu ya mshahara, hana chochote. Wakadai warudishiwe zaidi ya £4,000. Yule mama wa kanisa naye akaanza kuuliza mbona hakulipwa likizo. Sasa hivi wakipatana kwa ibada wanaketi pande tofauti.

Pesa ya serikali ina macho.

Magurudumu Manne

Dada, pole kwa kuuguza. Mzito, pole kwa shangazi, lakini hapo mtego haukuwa pesa, ulikuwa Ijumaa na mkono.

Mimi ndiye mtunzwaji mwenyewe. Niliumia uti wa mgongo 2011, natembelea kiti cha magurudumu, na malipo haya ya moja kwa moja nayapokea tangu 2014. Nimeajiri watu sita, nimefukuza mmoja, na mmoja amenifukuza mimi. Nitaandika kirefu, mnivumilie, naandikia kwenye simu kwa kidole kimoja.

Kuhusu wewe kulipwa: hapana. Sheria ya matunzo ya 2014 na kanuni zake haziruhusu pesa hii imlipe mke, mume au ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mgonjwa kwa kazi ya kumtunza, mpaka halmashauri iridhike kwamba hakuna namna nyingine. Binti wa kumzaa anayelala chumba cha pili ndiye hasa waliyemfikiria. Kuna kimlango kidogo lakini: kazi ya uendeshaji, yaani ratiba, mahesabu, karatasi za kodi, wanaweza kukubali ndugu wa ndani alipwe kitu. Uliza, na jibu walitoe kwa maandishi.

Binti wa mama mdogo anakaa kwake, kwa hiyo huyo ruksa. Msimhamishie kwenu kabla hamjauliza.

Sasa shika hili: mwajiri si wewe. Akili za mama ni timamu, kwa hiyo tajiri ni mama. Mkataba una jina lake. Wewe unaandikishwa kama mtu aliyemteua amshikie pesa na karatasi. (Asingekuwa na uwezo wa kuamua, sheria ina njia nyingine, anapitishwa mtu wa kupokea kwa niaba yake. Kwenu haijafika huko, na usimruhusu ofisa akimbilie huko kwa sababu tu mama hasemi Kiingereza. Mdai mkalimani.)

Hesabu. Nachukua kima cha chini cha mshahara cha mwaka wa Aprili 2025 hadi Machi 2026, kilichokuwa £12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Saa 14 ni £170.94 kwa wiki, kwa mwaka kama £8,889. Mfanyakazi ana likizo ya malipo ya wiki 5.6, na akiwa likizo mama bado anataka kuoga, kwa hiyo utamlipa mtu wa kushika nafasi yake saa 78 na ushee, karibu £957 nyingine. Jumla £9,846. Kwa £16.50 bajeti yenu ni £231 kwa wiki, £12,012 kwa mwaka. Inabaki kama £2,160 ya bima, ya mtu wa kupiga mahesabu ya mshahara, ya mafunzo, ya kumwongezea binti kidogo, na akiba ya dharura. Akiugua, kuna malipo ya ugonjwa ya kisheria, mwaka huo yalikuwa £118.75 kwa wiki, nayo yanatoka humohumo huku mbadala naye analipwa. Kwa hiyo £16.50 inatosha, ila haina mafuta. Ukiirudia kampuni ikakutajia £24 au £25 kwa saa, hizo saa 14 hazifiki.

Pensheni: kwa mshahara huo yuko chini ya £10,000, hamlazimiki kumwandikisha wenyewe, lakini akiomba kuingia mnachangia. Kodi: mama anasajiliwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kama mwajiri, kila malipo yanaripotiwa. Mchango wa mwajiri wa bima ya taifa ni asilimia 15 ya kinachozidi £5,000 kwa mwaka, ila aliyeajiri mtu wa kumtunza anaweza kuomba msamaha wa mchango huo (Employment Allowance), na kwa mshahara wa saa 14 unafuta deni lote. Mimi karatasi hizi sizigusi, kuna kampuni ndogo inanifanyia. Natuma saa zilizofanywa, wanarudisha slipu. Halmashauri nyingi zina orodha ya watu hao.

Bima ya mwajiri ni lazima, isiyopungua £5,000,000, na kukaa bila hiyo faini yake inafika £2,500 kwa siku. Kuna msamaha kwa aliyeajiri ndugu wa karibu sana tu, kama mtoto, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Binti wa mdogo wake hayumo humo. Usiogope ile namba ndefu, yangu mimi kwa mwaka haifiki bei ya matairi mawili ya gari.

Na mtu akikwambia "mwandikeni amejiajiri mwenyewe, mtaepuka yote hayo", mkimbie. Saa mnapanga nyinyi, nyumba yenu, vifaa vyenu, na hawezi kumtuma mwingine badala yake. Huyo ni mwajiriwa hata mkimpa jina gani.

Hayo yote ni karatasi, na karatasi zinazoeleka. Kitu kitakachokukalisha macho usiku ni undugu.

2019 niliajiri mke wa rafiki yangu. Mwanamke mwema, mchapakazi. Miezi minne ilikuwa raha, tukila meza moja. Halafu akaanza kuchelewa. Dakika kumi, dakika ishirini, saa nzima. Mimi siwezi kutoka kitandani bila mtu. Nalala chali naangalia dari, pana doa la unyevu lenye umbo la Ziwa Tanganyika, nalijua mpaka ghuba zake. Nilipaswa kusema. Nikaona haya, maana jioni yake mumewe atakuja tuangalie mpira. Wiki sita nilinyamaza, na siku niliyofungua mdomo nilitoka na maneno ya wiki sita zote kwa mpigo. Akaacha kazi palepale. Rafiki yangu mpaka leo hapokei simu yangu.

Kwa hiyo na nyinyi, kabla ya siku ya kwanza: mkataba (sheria inamtaka apewe masharti yake kwa maandishi tangu siku anayoanza), miezi mitatu ya majaribio, na pahali pa kuongelea kazi ambapo si jikoni. Mimi sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakaa dakika ishirini, na mfanyakazi ndiye anaanza kusema.

Hili la mwisho hakuna anayependa kulitamka. Siku mama atakapoondoka duniani, Mungu ampe umri, huyo binti anakuwa amepoteza mama mkubwa na kazi kwa siku moja. Akiwa ametimiza miaka miwili kazini ana haki ya kiinua mgongo, wiki moja ya mshahara kwa kila mwaka, au moja na nusu kwa miaka aliyofanya baada ya kutimiza 41. Waulize halmashauri sasa hivi hiyo italipwa na nani. Ukiuliza msibani umechelewa.

Ila mimi nasema kubali. Chini ya sheria ya 1948 halmashauri ilikatazwa kumpa mlemavu pesa taslimu, ingeweza tu kumpa huduma au kitanda cha nyumba ya walemavu. Kule Hampshire, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa nyumba moja iliyoitwa Le Court, akiwemo John Evans, waliibana halmashauri mpaka pesa ikapitishiwa kwa nyumba yenyewe ili iwafikie wao, wakatoka wakaenda kuishi kwao. Sheria ya kuruhusu malipo haya ilipita 1996, ikaanza kazi Aprili 1997, na hata hapo waliotimiza miaka 65 walifungiwa nje mpaka 2000. Mama yako angekuwa na miaka 71 mwaka 1998 wangemwambia ashukuru kwa gauni la kubandika.

binti_wa_bi_mkubwa

Kaka Magurudumu, nimesoma mara tatu. Nimemsomea na mama. Alipofika kwenye "tajiri ni mama" alicheka, upande mmoja wa uso lakini alicheka.

Mzito, ahsante kwa kunitisha, nilihitaji na hilo.

Swali dogo: tukijaribu ikashindikana, tumekwama nayo?

Mama Watatu

Hamjakwama, mdogo wangu. Unaweza kurudisha wakati wowote wakakupangia wao. Unaweza pia kuchanganya, kwa mfano asubuhi mtu wenu, jioni iwe ya halmashauri. Mimi napokea kwa ajili ya mwanangu wa kati, ana miaka 12, kwa watoto sheria ni nyingine lakini mwendo ni mmoja.

Ya kwangu machache. Wakikulazimisha kadi yao ya kuwekewa pesa badala ya akaunti ya benki, haifai kuwa chaguo la pekee, omba akaunti. Pesa isilipie chakula, kodi ya nyumba, wala kazi ya muuguzi. Wala msiiache irundikane: kwangu ikizidi ya wiki nane wanaivuta, na walishanivutia £600 niliyokuwa nimeiweka kwa likizo ya msaidizi kwa sababu sikuandika ni ya nini. Tangu hapo kila senti iliyolala ina jina lake kwenye daftari. Ndani ya miezi sita ya mwanzo watakuja kukagua, baada ya hapo kila mwaka. Usiwapikie. Waonyeshe risiti.

Na muangalie mbadala wenu ni nani. Mimi nilimchukua mwanafunzi, mtoto mzuri, ana viza ya masomo. Muhula ukiwa unaendelea haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, kazi zote kwa pamoja, na alikuwa na nyingine mgahawani ambayo hakuniambia. Kukagua haki ya mtu kufanya kazi ni juu ya mwajiri, na tangu Februari 2024 faini ya kwanza inafika £45,000 kwa kila mfanyakazi. Hata huyo ndugu yenu, mkague. Mwambie ni sheria, si wewe.

Mzito wa Nakuru

Mimi sijabadilisha mawazo yangu kabisa, lakini huyu Magurudumu nimemtumia auntie maandishi yake. Amesema angeyapata mapema.

binti_wa_bi_mkubwa

Naleta mrejesho, imepita wiki ya tisa.

Ofisa alipopiga ile Alhamisi nilikuwa na maswali kumi na moja kwenye karatasi. La kiinua mgongo alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa. Baada ya siku nne akajibu kwa barua pepe kwamba watalipa wao ikiwa akiba ya akaunti haitoshi. Nimeichapa, iko kwenye faili. Bei wameipandisha ikawa £17.10 baada ya kuwaonyesha ile hesabu ya likizo. Mimi kulipwa kwa karatasi wamekataa, sawa.

Siku ya mkataba ndiyo ilikuwa kazi. Tulikaa sebuleni, mezani nimeondoa hata vikombe. Binti wa mama mdogo kasaini yake. Mama akakataa. Kisa? "Huyu nimembeba mgongoni, nimlipe mimi?" Maneno hayo yalimchukua kama dakika mbili kuyatoa. Nikamwambia si hela yako, ni ya halmashauri. Akaniangalia. Basi kama ni ya halmashauri, jina langu linafanya nini hapa? Sikuwa na jibu. Aliyelipata ni huyo binti: "Mama mkubwa, ukisaini wewe, siku nikichelewa unanigombeza wewe. Asiposaini mtu, atanigombeza huyu." Akaninyooshea mimi kidole. Mama akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Saini inapanda mlima, inaishia nje ya mstari, lakini HMRC hawakulalamika.

Na amegombeza kweli. Wiki ya tano mtu kafika saa mbili na robo badala ya saa moja na nusu. Nilikuwa kazini, nimehadithiwa tu. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga iko mapajani, akamwonyesha saa ya ukutani na hakusema kitu.

Lililonikaa kichwani ni la mbadala. Mwezi ujao kuna arusi Reading, ya upande wa mama mdogo, na binti ameomba likizo siku tatu. Ni haki yake. Ila na mama anataka kwenda, na hataki kwenda bila yeye. Sasa akienda naye, akamvisha kulekule, yuko likizo au yuko kazini?

Magurudumu Manne

Yuko kazini kwa saa anazomvisha, yuko arusini kwa zilizobaki. Andikeni kabla hamjaondoka saa ngapi ni za kazi, na atakaporudi apewe siku zake tatu nyingine. Tena mwambie mama ndiye aamue saa ngapi. Si tajiri ni yeye?

binti_wa_bi_mkubwa

Nimemuuliza. Kasema saa mbili za kazi, na nguo ya arusi atamshonea mfanyakazi wake kwa hela yake mwenyewe, hiyo halmashauri isiulize.